Jani Moja Kutoka Mbololo

Kwenye miamba yenye kivuli ya Mlima Mbololo, juu ya mji wa Voi, huota ua dogo la zambarau ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia teitensis. Siku hizi wamelihamishia ukoo mwingine, wanaliita Streptocarpus teitensis, lakini neno la mwisho limebaki: la Taita. Porini haliko kwingine. Na msitu wa asili wa Mbololo wenyewe ni karibu hektari 200 tu. Mashamba ya mkonge kule chini tambarare yanaumeza mara nyingi.

Ndugu zake wa Usambara waliondoka zamani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaupa mmea jina la ukoo wa baron huyo. Leo hizo vayoleti zimejaa madirishani Ulaya na Marekani, na kuzizalisha ni rahisi ajabu: unakata jani moja, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, linaota mizizi. Basi.

Maabara zimekwenda mbele zaidi, kwa mimea ya kila aina. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha. Kinaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kinalazwa kwenye kitu kama uji ulioganda wenye sukari, chumvi na homoni za mimea, na baada ya wiki kadhaa pale kilipokatwa panafura bonge la seli lisilo na umbo, si jani, si mzizi. Bonge hilo linahamishiwa kwenye maji, linatikiswa, halafu linakuzwa ndani ya tangi la chuma, karibu na vile pombe inavyotengenezwa kiwandani. Mara nyingine seli hutiwa misukosuko kidogo, mwanga mkali kwa mfano, ili zitoe zile kemikali ambazo mmea hujikinga nazo dhidi ya jua na majeraha. Humo ndimo zimo antioksidanti. Seli zinapasuliwa, na dondoo lake linaingia kwenye krimu ya uso.

Si jambo la jana. Wajapani walifanya hivyo miaka ya 1980 kwa mzizi wa murasaki, mmea uliokuwa unaadimika kwao, wakapata rangi nyekundu ya kutia kwenye lipstiki. Mwaka 2008 kampuni ya Mibelle ya Uswisi ikaleta dondoo la seli za tofaa la kale linaloitwa Uttwiler Spätlauber, tofaa linalokaa ghalani muda mrefu bila kunyauka. Miti yake ilikuwa imebaki michache.

Krimu yenyewe inafanya kazi? Hapo tusidanganyane. Seli zikifika kwenye kichupa zimeshakufa. Hizo "seli shina" zinazotangazwa kwenye lebo haziendi kuamsha chochote kwenye ngozi ya mtu. Baadhi ya antioksidanti, kama vitamini C, zina ushahidi wa kuridhisha zikitengenezwa vizuri. Kwa dondoo nyingi za seli ushahidi ni mwembamba, na mara nyingi unatoka kwa muuzaji mwenyewe. Anayeshinda kwenye jua la Voi atafaidika zaidi na kofia. Lakini pesa ni za kweli hata pale muujiza si wa kweli, na mimi ninauliza kuhusu deni.

Tuseme kesho mtu atengeneze krimu ya vayoleti ya Taita. Atasema, na atasema kweli, kwamba hakukata msitu. Jani moja tu! Hilo ndilo tangazo la biashara hii: tunapata uzuri wa mmea na mmea unabaki salama. Ninakubali kwamba ni bora kuliko gunia na panga. Kenya tunajua habari ya gunia na panga. Mwaka 1986 Rais Moi alilazimika kupiga marufuku uvunaji wa shubiri za porini kwa sababu ya jinsi zilivyokuwa zikikatwa.

Ila kuna kitu kinapotea kimyakimya. Mvunaji wa porini, hata awe mlafi vipi, anahitaji pori liwepo mwakani. Mwenye tangi hahitaji. Mbololo ikiungua leo jioni, tangi lake litaendelea kububujika asubuhi. Upole ule ule anaojisifia ndio uliomkatia kamba iliyomfunga na mlima. Na mtu akishaacha kukuhitaji, ni rahisi sana ajione pia kwamba hakudai wala humdai.

Tumeshaliona hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua vijidudu kwenye maji ya magadi ya Ziwa Bogoria, na vimeng'enya vyake vikaishia kwenye kazi ya kupausha jinzi, mikononi mwa kampuni ya Genencor ya Marekani. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai sehemu yake. Hakuna aliyehitaji kurudi Bogoria kuchota debe la pili, kwa hiyo hakukuwa na mlango wa kusimama ili umdai mtu anapopita.

Sheria tunazo. Kanuni za mwaka 2006 zinamtaka anayechukua rasilimali za jeni apate kibali cha NEMA na ridhaa ya wenyeji. Itifaki ya Nagoya imekuwa na nguvu tangu 2014. Shida ni kwamba sheria huuliza kwanza: ulichukua lini? Mkataba wa Bayoanuwai ulianza kazi mwishoni mwa 1993 na haurudi nyuma, na vayoleti ya Taita imo tayari kwenye vyungu vya wapenda maua ng'ambo. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, unazialika kampuni, za vipodozi zikiwemo, kuchangia kwa matumizi ya data za jeni. Kuchangia ni kwa hiari.

Wapo wanaosema mmea hauna mwenyewe, ni wa Mungu. Sawa. Lakini hoja hiyo huishia mlangoni mwa maabara. Ukishaingia ndani unakuta hati miliki.

Mimi sidhani Wataita wanadai kwa sababu ua limeota kwao. Kuota ni bahati. Wanadai kwa sababu bado lipo. Wadawida walikuwa na fighi, misitu ya matambiko ambamo kukata ovyo ni mwiko, na hata nje ya fighi kila kipande cha msitu kilichobaki juu ya milima hii ni kuni ambazo mtu hakukata, ni shamba ambalo mtu hakulifyeka ingawa watoto walikuwa wengi na ardhi nzuri ni ile yenye mvua, yaani kule juu. Gharama hiyo ililipwa, na inalipwa kila mwaka. Anayeuza seli zilizotoka humo anauza pia kujizuia kwa watu hao.

Hoja yangu hiyo ina ncha mbili, na ya pili inatuelekea sisi. Mkonge wa Voi na Mwatate si wa kwetu. Mwaka 1893, mwaka ule ule vayoleti ilipopewa jina, Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge Tanganyika. Iliagizwa Florida, asili yake Yucatan, na 62 tu ndiyo iliyofika hai. (Wasimulizi hupenda kusema ilifichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa, amini ukitaka.) Wamaya walikuwa wameitunza mimea hiyo na kusokota kamba zake karne nyingi. Hakuna senti ya katani ya Taita niliyosikia imepelekwa Yucatan, na ni kweli pia kwamba faida kubwa ya katani haikumfikia Mtaita aliyekuwa akikata majani yake. Mkonge ulikuja kupigwa na kamba za plastiki, kitu cha kiwandani kisichohitaji shamba la mtu.

Nikipewa karatasi ya madai ya Mbololo niitie sahihi, nitaitia. Ila nitataka pesa zenyewe ziende kwa wanaolinda ule msitu kiangazi hiki, wakati gunia la makaa linauzika kabla halijashuka pikipiki, wala zisipotelee kwenye kaunti kwa jina la "jamii". Na mtu wa Yucatan akibisha hodi na karatasi yake, sioni nitamjibu nini.