Mirathi ya Mabwana na Mirathi ya Mwenyezi Mungu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu wa Kitui na Makueni, twaandika kwa uchungu. Mzee Muislamu hufa, akakoshwa, akasaliwa, akazikwa kwa sunna. Siku ya kugawa shamba, wanawe wa kiume hugawana wao kwa wao, na mabinti huambiwa: "Nyinyi mna mashamba kwa waume zenu." Basi mzee amezikwa Kiislamu, na mali yake imerithiwa Kijahilia.

Desturi hii ina ndugu zake. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mfalme aliwapa wakuu wake ardhi kwa sharti la kumletea askari. Ardhi ikigawanyika, nguvu hupungua. Kwa hivyo ikaenea kawaida ya kuwa mwana wa kiume aliye mkubwa hutwaa shamba zima, na nduguze wadogo wakatafute riziki kwingine. Waarabu wa Jahilia nao walimrithisha awezaye kuchukua silaha. Mwanamke na mtoto mdogo hawakupata kitu.

Kisha akauawa Saad bin Rabii katika vita vya Uhud, na nduguye akaitwaa mali yote. Mkewe akaenda kwa Mtume (s.a.w.) akamshitakia hali ya mabinti zake wawili. Ikashuka aya ya mirathi, na Mtume akaamuru: mabinti wapewe thuluthi mbili, mjane thumni, na kinachosalia ndicho cha ndugu. Yaani katika mafungu 24, mabinti 16, mjane 3, ndugu 5.

Waingereza wenyewe walikawia mpaka sheria ya mwaka 1925 ndipo wakaondoa haki ya mkubwa kutwaa ardhi yote ya mwenye kufa bila wasia. Na bado vyeo vyao vingi hufuata wanaume: alipokufa Duke of Westminster mwaka 2016, cheo kilimwendea mwanawe Hugh, naye ana dada wawili waliomtangulia kuzaliwa. Je, sisi tuliopewa hukumu tangu karne 14 zilizopita, turudi nyuma yao?

Wako wasemao: "Shamba ni dogo, likikatwa halitamlisha mtu." Twajibu: na lithaminiwe, dada alipwe thamani ya fungu lake, akiridhia. Lakini ridhaa ya kweli ni ya mtu aliyekwisha kujua haki yake, si ya aliyenyamaza kwa haya mbele ya kaka zake. Wala asiseme mtu kuwa sheria ya serikali yamzuia, kwani tangu mwaka 1990 sheria ya urithi ya Kenya imewaachia Waislamu mirathi yao, na makadhi wapo.

Mwenyezi Mungu hakuyaachia mafungu haya rai ya mtu. Ameyataja katika Suratun-Nisaa, na akayaita mipaka yake. Basi wewe uliye kaka, kabla hujamwita mpima ardhi, mwite dada yako na mama yako. Shamba utaliacha, dhulma utakwenda nayo kaburini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze sisi nanyi. Amin.