Tufunike au Tukate?

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi wetu hapa Juba huijibu upesi katika mtihani. Lakini haisemi jambo moja ambalo limetushughulisha tangu mvua za mwaka jana: ufa huzibwa namna gani? Kwani kuziba kwaweza kuwa kutengeneza, na kwaweza pia kuwa kuficha, na mkono ufanyao kazi zote mbili ni ule ule.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye gari. Marehemu mjomba wetu alituachia Land Rover ya zamani, usukani wake upande wa kulia kama magari mengi yaletwayo kutoka Uganda, ingawa hapa twapita mkono wa kulia wa barabara tangu Sudan ilipobadili mwaka 1973. Huko Ulaya wenye magari ya kale huyafungia wakati wa baridi, maana chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma. Juba haina barafu. Ina mvua, tangu Aprili hadi Oktoba au zaidi, na ina tope jekundu liingialo kila penye uwazi na kukaa humo likiwa bichi wiki baada ya wiki. Basi msimu wetu wa kutengeneza ni huo wa mvua, wakati njia za mashambani hazipitiki na gari halina safari.

Yafaa msomaji ajue gari hili limeundwaje, kwa kuwa hoja yetu imo ndani ya maungo yake. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma yake, feleji ilikuwa adimu Uingereza, ilhali alumini ilipatikana. Ndipo waundaji wakafanya bodi ya alumini na kuiweka juu ya chasisi ya chuma. Metali hizi mbili hazina tabia moja. Alumini ikiguswa na hewa hujifanyia ngozi nyembamba inayoikinga. Chuma kikipata maji na hewa hufanya kutu, na kutu haikingi kitu: huvimba, hubanduka magamba, ikaacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Isitoshe, chasisi ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani, na tope likishaingia humo huiozesha kuanzia ndani kwenda nje. Mwenye gari ataosha bodi yake, ing'ae miaka hamsini, asijue kwamba kinachoibeba kimekuwa ganda la yai.

Fundi wetu, mzee mmoja aliyejifunzia kazi Kampala, hakutazama rangi. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akagonga chasisi polepole kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Palipokuwa pazima palilia; palipooza palitoa sauti kama ya kopo lenye mchanga. Mahali pamoja nyundo ikazama. Akatoka, akajipangusa mikono, akauliza: "Mwalimu, tufunike au tukate?"

Kufunika ni bati jembamba juu ya kutu, puti, msasa, na rangi nyeusi. Siku mbili, fedha kidogo, na hakuna atakayejua. Kukata ni kuondoa chuma chote kilichooza mpaka ufikie kizima, hata kama kizima kiko mbali, kisha kuchomelea kipya. Tuliuliza kwa unyonge kama kufunika kungedumu.

"Kutadumu mpaka siku utakayoliuza, Mwalimu," akajibu.

Naye alikuwa ameigusa siri yetu. Kwa kweli tulikusudia kuliuza, ili tupate karo ya watoto wa marehemu. Kila pauni iliyokwenda kwa fundi ilitoka katika karo hiyo. Tulikaa siku tatu bila kumjibu.

Wenzetu walimu tuliowataka shauri hawakuwa na kauli moja. Mmoja alisema mnunuzi ana macho, basi na ayatumie. Mwingine alisema, tena kwa ukali, kwamba haki ya yatima hutangulia haki ya mtu usiyemjua. Hoja hii ya pili ilitunyima usingizi, na hata leo hatudai kwamba tumeishinda. Lakini gari si ng'ombe aliyekonda ambaye mbavu zake zaonekana. Ubovu wa chasisi umefichwa na umbo lake lenyewe kabla hujaongeza uficho wako. Na barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami, humshawishi dereva kwenda kasi. Atakayekuwa ndani siku chasisi ikikatika, yamkini naye ana watoto.

Tukakata. Kazi ikazaa kazi: bushi, springi, breki, sakafu ya mbele. Kufikia Agosti vilivyo vipya vilizidi vilivyo vya marehemu, na hapo swali la kale la Wayunani likatujia. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus, wakiondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni ile ile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza utata: mtu akiziokota mbao kuukuu na kuziunga upya, merikebu ya kweli ni ipi? Tulipousoma utata huu chuoni tuliuona mchezo wa watu walioshiba. Katika gereji za Juba si mchezo. Springi zetu kuukuu zilichukuliwa na kijana wa pale pale, na kabla ya mvua kwisha tuliziona chini ya gari jingine, zikitembea.

Sisi twaona kwamba wabishi wale waliitazama mbao mno. Watu wa Lamu wangewasaidia. Jahazi hupandishwa pwani, likatiwa kalafati, likapakwa shahamu na chokaa, ubao mbovu ukang'olewa na mpya kupigiliwa. Baada ya miaka huenda usibaki hata msumari wa kwanza, na jina lake halijabadilika. Hakuna alalamikaye kwamba amedanganywa, maana kazi ilifanywa mchana, mbele ya watu, na nahodha akiulizwa ataeleza kilichobadilishwa.

(Hapa tuseme neno la pembeni. Wako wanaohuzunika kwamba Kiswahili kimejaa maneno ya kigeni, na sisi tumekwisha kutumia chasisi, springi na breki bila haya. Hata gari lenyewe ni neno la Kihindi. Hayo ni mabati ya bodi. Tuambieni ngeli zikianza kuliwa, hapo tutalala chini na nyundo.)

Septemba ulikuja mtihani mgumu zaidi. Sehemu ya mbele ya chasisi, ilipogongwa namba ya gari, nayo ilikuwa imeoza kandokando. Fundi angeweza kukikata kile kipande chenye namba na kukichomelea kwenye chuma kipya. Tukashtuka, maana ndivyo wafanyavyo wezi: huchukua namba ya gari lililokufa wakalivisha gari lililoibwa. Moto ni ule ule, na mkono waweza kuwa na ustadi ule ule. Lakini mwizi akiulizwa habari za gari lake hana budi kuanzia katikati. Basi tulinunua daftari la shule, tukaandika kila kilichokatwa na tarehe yake, tukapiga picha, tukapeleka nakala kwenye ofisi ya usajili, ndipo tukamruhusu fundi awashe moto.

Mnunuzi wa kwanza alikuja Desemba. Tukampa daftari kabla ya ufunguo. Alisoma kurasa mbili, akataja bei pungufu kuliko ile aliyoitaja kwa simu, kisha akaondoka. Wa pili, dereva wa makamo kutoka Yei, hakulifungua daftari. Aliazima nyundo ya fundi, akalala chini ya gari, nasi tukasimama tukisikiliza.