Je, Ni Halali Kushangilia Kosa?

Shabiki wa tenisi ni kiumbe wa ajabu. Hashiki raketi, hakimbii, hatoki jasho, wala hapati hata senti moja ya zawadi. Lakini mchezaji wake akishindwa, yeye ndiye anayekosa usingizi. Kila mwaka, mashindano ya Wimbledon yanapofika kule London, wazee wazima, nami nikiwamo, huketi mbele ya televisheni na kuwashauri watu wasiotusikia, katika mchezo tusiouweza. Hilo si dhambi. Swali langu ni jingine: je, ni halali shabiki kushangilia kosa la mpinzani?

Tenisi huliweka swali hili wazi kuliko kandanda. Anayeanzisha mpira hupewa nafasi mbili. Akizikosa zote, pointi huenda kwa mwenzake, ambaye hakufanya lolote ila kusimama na kungoja. Ubao wa matokeo haubagui: pointi ya ustadi na pointi ya kuokota zina thamani moja. Kwa desturi ya zamani, watazamaji waliupigia makofi mpira uliopigwa vizuri, na kosa la namna hiyo wakalipokea kwa kimya. Siku hizi kimya hicho kimepungua.

Tuchukue mfano wa fainali ya wanawake ya mwaka 1993. Jana Novotna alikuwa akiongoza kwa gemu 4 kwa 1 katika seti ya tatu dhidi ya Steffi Graf, na alihitaji pointi moja tu ili iwe 5 kwa 1. Akakosa kuanzisha mpira mara mbili mfululizo. Tangu hapo hakupata gemu nyingine. Graf alishinda tano za mwisho akatwaa kombe. Wakati wa kupokea tuzo, Novotna alilia begani mwa Duchess wa Kent, aliyekuwa akigawa tuzo hizo. Ukizitazama picha zile leo, hata kama ulikuwa shabiki wa Graf, ni vigumu kukumbuka ni lipi hasa lililokuwa la kushangilia katika kosa lile.

Atatokea mtu aniambie: “Mwalimu, unatuonea. Anayemtaka wake ashinde, lazima amtake mwingine ashindwe.” Ni kweli. Katika fainali hakuna sare, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kutaka mtu ashindwe si sawa na kutaka aharibikiwe. Lile la kwanza ni sharti la mchezo. Hili la pili ni nyongeza yetu wenyewe. Hata pale ambapo moyo hauamriki, mikono na mdomo huamrika, na adabu huanzia hapo.

Tena, furaha hizi mbili hazidumu sawa. Katika fainali ya wanaume ya mwaka 2008, Rafael Nadal na Roger Federer walichezana kwa saa 4 na dakika 48. Nadal aliposhinda seti ya tano kwa 9 kwa 7, kwa saa za Afrika Mashariki ilikwisha pita saa tano ya usiku. Mwishoni mwa seti ya nne, Nadal akiwa anakaribia ushindi, alikosa kuanzisha mara mbili. Baadaye kidogo, Federer akiwa amebakiza pointi moja ashindwe, alipiga kwa upande wa mkono wa kushoto mpira uliompita Nadal sambamba na mstari. Mashabiki wa Federer walipata pointi katika matukio yote mawili. Lakini ni lipi wanalosimulia hadi leo? Ni ule mpira. Na wa Nadal pia wanausimulia! Nadhani hicho ndicho kipimo: furaha safi ni ile ambayo hata mpinzani wako anaweza kuionja.

Katika miaka mingi ya ualimu nimewaona wanafunzi wa aina mbili wakiwania nafasi ya kwanza. Mmoja husoma, mwingine huomba mwenzake augue siku ya mtihani. Wote wawili wanaweza kuipata nafasi hiyo, na ripoti haitaonyesha tofauti. Lakini yule wa pili atakapokuwa mkuu wa ofisi, au jirani yako, utaiona. Mazoea ya kushangilia makosa hayaishii kiwanjani. Humfuata mtu hadi sokoni na hadi nyumbani kwake.

Basi, ndugu msomaji, shangilia. Piga kelele mpaka majirani wajue kuna fainali. Mpinzani akipiga vizuri, mpe japo kofi moja, hata kama linauma. Na akikosa mara mbili, ichukue pointi yako, kwani ni halali, kisha unywe chai yako kimya kimya.