Mwanasheria wa Halmashauri na Jalala la Tabata

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoka. Malori ya Halmashauri ya Jiji yalikuwa yakimwaga taka jirani na nyumba zao, taka zikachomwa, na harufu, moshi na inzi vikawa sehemu ya maisha ya kila siku. Wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka pale na kutafuta mahali pengine pasipodhuru watu.

Jiji halikuhama. Liliomba liongezewe muda, kisha likaomba tena. Mwaka 1991 ombi jingine likafika mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira, naye akalikataa. Alisema hajawahi kusikia popote mamlaka ya umma, wala hata mtu binafsi, ikiingia mahakamani bila wasiwasi kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akakumbusha kwamba haki ya kuishi imo katika Ibara ya 14 ya Katiba.

Kesi hiyo, iitwayo kwa kifupi kesi ya Kessy, imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sheria Tanzania kwa sababu ya maneno ya jaji. Lakini ndani ya chumba kile alikuwamo mtu mwingine asiyezungumzwa sana: aliyesimama kwa niaba ya Jiji kuomba muda uongezwe. Alikuwa kazini, ametumwa na mwajiri wake, na sheria haikumkataza kuomba. Je, alitenda kosa?

Swali hilo haliishii Tabata. Leo kila halmashauri nchini ina kitengo cha sheria, na nchini Kenya, tangu sheria ya mwaka 2020, kaunti zina ofisi ya mwanasheria wa kaunti. Kazi yenyewe haina mbwembwe za kwenye filamu. Asubuhi mwanasheria anapitia mkataba wa ujenzi wa madarasa. Saa tano yuko kwenye kikao cha menejimenti. Mchana diwani anapiga simu kuhusu vibanda vya stendi. Jioni anaandika utetezi wa kesi ya kiwanja kimoja chenye barua za toleo mbili, zote zikiwa na muhuri wa ofisi ileile. Katikati ya hayo kuna sheria ndogo za ushuru anazotakiwa kuziandaa, ili baraza la madiwani lizipitishe na waziri aziridhie.

Anamtumikia nani? Kiutawala bosi wake ni Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye Afisa Masuuli na mteule wa Rais. Ushauri wake unakwenda kwa madiwani waliochaguliwa na wananchi. Kitaaluma ni wakili wa serikali, chini ya mwavuli wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse huyu aliyeshika nne.

Ndiyo maana kikao kinapochacha, swali linalomwangukia huwa ni lilelile: "Mwanasheria, kwani wewe uko upande gani?"

Jibu rahisi ni lile la mawakili wa kujitegemea: kila mtu anastahili mtetezi. Hata aliyekamatwa na ng'ombe wa wizi ana haki ya kusikilizwa, na wakili anayemtetea hawi mwizi kwa kumtetea. Jibu hilo lina uzito. Mshtakiwa amesimama peke yake mbele ya dola yenye polisi, waendesha mashtaka na magereza, na wakili ndiye ngao aliyobaki nayo. Sasa geuza picha. Upande mmoja kuna halmashauri yenye mgambo, magari, bajeti na sheria ndogo iliyojitungia. Upande wa pili kuna mama ntilie. Ngao ile imehamia kwa mwenye mkuki, na hoja iliyomfaa mnyonge haiwezi kumfaa mwenye nguvu bila kurekebishwa.

Dini zimelitazama jambo hili kwa muda mrefu kuliko vyuo vya sheria. Neno lenyewe "wakili" limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ya msingi ni mtu uliyemwachia jambo lako akulindie. Al-Wakiil ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Na aya ya 105 ya Surat An-Nisaa inamkataza Mtume asiwe mtetezi wa wahaini.

Wafasiri wanasimulia kisa kinachohusishwa na aya hiyo. Mtu wa Madina aitwaye Tu'ma bin Ubayriq aliiba deraya, akaificha kwa Myahudi mmoja, kisha lawama zikamwangukia yule Myahudi. Ndugu wa Tu'ma walijua, au walikuwa na kila sababu ya kushuku, lakini wakamwendea Mtume kumwombea. Mdomoni walisema kwamba Tu'ma hana hatia. Kilichowasukuma ni kwamba Tu'ma ni wao. Wahyi ukashuka, na aliyesingiziwa akaondolewa lawama.

Kisa hicho kinaigusa halmashauri kwa sababu taasisi nayo hugeuka ukoo. Afisa ardhi aliyegawa kiwanja mara mbili ni mwenzetu, tunakunywa naye chai. Mkandarasi aliyechelewa analalamikiwa na watu wa nje. Taratibu "sisi" inakuwa watu wa jengo lile, na wananchi wanaokaa kwenye benchi la nje wanakuwa "wao". Hapo mwanasheria hashawishiwi kwa rushwa. Anashawishiwa kwa udugu, na udugu haukamatwi na TAKUKURU.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliuliza waziwazi kama wakili anatenda dhambi akitetea shauri lisilo la haki. Alijibu kwamba anayetetea huku akijua, anatenda dhambi. Anayegundua katikati ya shauri hapaswi kumsaliti mteja wake kwa kumpelekea mpinzani siri zake, ila anaweza, na anapaswa, kuliacha, au kumshawishi mteja akubali kushindwa, au wapatane bila kumdhuru wa upande wa pili.

Ushauri mzuri, lakini unamwacha mwanasheria wa halmashauri na kazi nusu. Wakili wa mjini hurudisha jalada na kuendelea na wateja wengine. Yeye ana mteja mmoja tu. Akiliacha jalada, kesho yake litamkuta mezani palepale, au litapewa mwenzake asiye na swali. Na akikataa katakata, panaweza kuingia barua ya uhamisho yenye lugha ya upole.

Kwake yeye linafaa zaidi lile fundisho la hadithi mashuhuri ya Mtume: msaidie ndugu yako, awe anadhulumu au anadhulumiwa. Masahaba wakashangaa. Anayedhulumiwa tunajua namna ya kumsaidia, lakini dhalimu? Wakaambiwa kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Ukilipeleka fundisho hilo ofisini, swali la "uko upande gani" linabadilika. Mwanasheria anayeishika mkono halmashauri kabla haijakosea hajahama upande.

Wapo watakaosema hayo ni maneno ya wasiowahi kukaa kwenye kiti kile, na wana hoja. Si kila anayeishtaki halmashauri ameonewa. Wapo wanaopanda miche usiku katika eneo lililokwisha kutangazwa kuchukuliwa, ili asubuhi wadai fidia ya shamba. Wapo wazabuni wanaodai malipo ya kazi ambayo haikufanyika. Fedha hiyo ikilipwa inatoka kwenye mfuko uleule wa dawa na madawati. Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikaanza upya mwaka uliofuata. Kikundi kisiporejesha, kikundi kinachosubiri zamu ndicho kinachoumia. Mwanasheria anayeandika barua ya madai kwa wanakikundi anaonekana katili, lakini huenda yuko upande wa wanyonge kuliko anayewafumbia macho.

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa nani maskini na nani mkubwa. Kipimo kinaonekana vizuri zaidi katika kitu kidogo, kikavu, kisichosisimua mtu: notisi ya siku 90.

Tuseme banda la mama ntilie limechorwa X nyekundu Jumatatu na kuvunjwa Jumatano. Anataka kushtaki. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inamtaka atoe kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 ni lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Yeye hajui hayo. Mpwa wake aliyemwandikia karatasi naye hajui. Siku ya kesi mwanasheria anasimama na pingamizi la awali: notisi haikutolewa, upande muhimu haukuunganishwa. Shauri linafutwa. Hakuna aliyeuliza kama banda lilivunjwa kihalali. Ofisini wanampongeza kwa ushindi.

Pingamizi lenyewe halina kosa. Ni sheria, na sheria ina sababu. Kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali kunapunguza mwanya wa halmashauri kushtakiwa kirafiki na kukubali deni kimyakimya. Katiba, katika Ibara ya 107A, inataka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, lakini haikuyafuta masharti hayo.

Mama yule akipata msaada wa kisheria, atarudi na notisi iliyo sawa. Itapokewa masijala, itagongwa muhuri, itafunguliwa jalada. Siku 90 zinaanza kuhesabiwa. Mwanasheria anaweza kulichukua jalada siku ya kwanza, akamuuliza mhandisi nani alitoa amri, akatafuta notisi ya kubomoa kama ipo, akaenda stendi kuangalia banda lilikuwa wapi. Au anaweza kuliacha hadi siku ya 89. Notisi iliwekwa ili serikali ipate nafasi ya kujikagua kabla ya kuburuzwa mahakamani. Ikitumiwa hivyo, siku 90 ni za kuishika mkono halmashauri. Ikitumiwa kama ukuta, ni siku 90 za mama kukaa bila kipato.

Na chombo cha kushika mkono huo ni dokezo. Si hotuba wala kugonga meza. Ni karatasi ndani ya jalada, yenye aya zenye namba. Aya ya 1 inarejea notisi. Aya ya 2 inaeleza kilichotokea. Aya ya 3 inataja sheria. Aya ya 4 ndiyo inayouma: kwa maoni ya Kitengo cha Sheria, ubomoaji haukufuata utaratibu, hivyo inashauriwa mlalamikaji aitwe kwa mazungumzo. Kisha: nawasilisha kwa maelekezo yako. Mkurugenzi anaweza kuandika pembeni "Nimekubali". Anaweza kuandika "Tuonane", neno ambalo watumishi wanalijua: mazungumzo yatafanyika, karatasi haitayaona. Hata hivyo aya ya 4 imeshaandikwa, na mkaguzi au mrithi wa ofisi ataikuta.

Mtu wa Tabata, yule aliyesimama kuomba muda, huenda aliwahi kuandika dokezo kama hilo. Inawezekana alishauri Jiji lihame, akaambiwa aende akaombe muda. Jaji alilisikia ombi tu. Yaliyolitangulia yalibaki ndani ya majalada, na kama kosa lilikuwapo, lilitendeka huko kabla hajavaa joho.

Baada ya kukataliwa Tabata, Jiji lilipata pa kumwaga taka: Kunduchi Mtongani. Mwaka huohuo wa 1991 wakazi 795 wa huko wakaenda Mahakama Kuu, katika kesi iitwayo ya Balegele. Jaji Rubama akawapa haki na kulizuia Jiji. Baadaye taka zikahamia Vingunguti, zikaenda Mtoni, hatimaye Pugu Kinyamwezi. Moja ya hoja zilizolishinda Jiji kuhusu Kunduchi haikuhitaji shahidi wa mbali wala utafiti mpya. Kwa mujibu wa mpango kabambe wa jiji, Kunduchi Mtongani lilikuwa eneo la makazi ya watu, na mpango huo ulikuwa wa Jiji lenyewe.