Sahihi ya Jemadari, Jina la Mpagazi

Picha ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani ya Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yenye sahihi yake huuzwa minadani Ulaya kwa bei kubwa kuliko picha ileile isiyotiwa wino. Mnunuzi hulipia mkono wa mtu, nami hapo ndipo ninapotia shaka. Sahihi huthibitisha kwamba mzee huyo, aliyeishi hadi 1964, aliwahi kuishika karatasi hiyo. Kuhusu vita haithibitishi lolote. Tazama yaliyotokea huku Unyamwezi. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliingia Tabora baada ya Wajerumani wa Jenerali Wahle kuihama. Baadaye Tombeur akawa baroni “wa Tabora”; mji mzima ukageuzwa pambo la jina lake. Lakini risasi na unga wa pande zote vilikwenda vichwani mwa wapagazi, wana wa nchi iliyokwisha kubeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote katika kumbukumbu zake. Na huo ni upande mmoja tu.

Wakusanyaji watajibu kwamba bila wao picha hizo zingeliwa na mchwa. Ni kweli, na wanastahili shukrani. Watauliza pia: mpagazi asiyejua kuandika angetia sahihi vipi? Hoja hii ni dhaifu. Jina la mtu haliandikwi kwa sababu mwenyewe kasoma. Huandikwa mwenye kalamu akiona lina maana, na ripoti hiyohiyo iliutaja ubaguzi miongoni mwa sababu. Askari Waafrika wa Lettow, kwa upande wao, waliujua uzito wa maandishi kuliko mnunuzi yeyote wa mnadani. Vita vilipokwisha mwaka 1918 walibaki wakidai mshahara, na aliyetunza hati yake alikuwa na cha kuonyesha. Hiyo ndiyo sahihi iliyokuwa na kazi.

Basi mwenye picha ya Lettow aitunze, ila awatafute kwa bidii ileile waliosimama nyuma yake. Nawe msomaji wa Ziba, Nzega au Sikonge, kama sandukuni mna picha ya babu aliyetumikia KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza, waulize wazee wa ukoo jina lake, kijiji chake na mwaka, uyaandike mgongoni mwa picha kwa penseli wangali hai.