Kosa Lisilo na Viboko

Matangazo ya madarasa ya roboti na usimbaji kwa watoto huongezeka likizo zinapokaribia, na mengi yanauza bidhaa ileile: ajira ya kesho. Mzazi anaambiwa mtoto asipoanza leo ataachwa nyuma. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa lugha ya kompyuta anayofundishwa mtoto wa miaka minane huenda ikawa imepitwa na wakati kabla hajatafuta kazi. Faida ya madarasa haya, pale inapokuwepo, ni kumzoesha mtoto kulichunguza kosa lake badala ya kulificha.

Chukua kigari cha roboti kinachofuata mstari mweusi. Chini yake kuna vihisi vinavyomulika sakafu kwa mwanga usioonekana. Sakafu nyeupe huurudisha mwanga huo, mstari mweusi huumeza. Asubuhi kigari kinakwenda vizuri. Alasiri jua linaingia dirishani na kigari kinapotea njia, ilhali hakuna aliyeigusa programu. Je, ni betri, ni waya, au ni jua? Mtoto hana budi kubadilisha kitu kimoja, aviache vingine vilivyo, kisha ajaribu tena. Kigari hakimcheki wala hakimchapi. Katika shule zetu nyingi, ambako kosa huishia kwenye kalamu nyekundu na pengine kwenye fimbo, hilo si jambo dogo.

Seymour Papert, mmoja wa waliobuni lugha ya kompyuta iitwayo Logo nchini Marekani mwaka 1967, alishikilia kwamba swali la msingi kuhusu programu ni kama inarekebishika. Lakini mashine haifundishi hayo yenyewe. Mwaka 1984 watafiti Roy Pea na Midian Kurland walieleza kuwa watoto waliojifunza Logo hawakuwashinda wenzao katika kupanga kazi. Peru iligawa kompyuta kwa shule nyingi za vijijini, na tathmini ya mwaka 2012 haikuona alama za hisabati na lugha zikipanda. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti 105 ulionyesha kuwa kujifunza kuandika programu husaidia stadi nyingine za kufikiri. Nikiyasoma yote haya pamoja, naona kifaa ni kidogo. Mwalimu na namna anavyofundisha ndiyo mambo makubwa.

Wapo watakaosema huu ni ubwanyenye, kwani kuna shule zisizo na madawati ya kutosha. Wana haki, na ndiyo maana kununua vifaa kabla ya kuwaandaa walimu ni kupoteza fedha. Ila somo lenyewe laweza kuanza bila umeme. Mtoto mmoja aandike maelekezo ya kutoka mlangoni hadi ubaoni, mwenzake ayafuate neno kwa neno. Akigonga dawati, maelekezo yana kasoro na mwandishi ayarekebishe. Wengine husema akili mnemba sasa inaandika programu kwa sekunde chache, basi jasho la nini? Lakini akili mnemba hukosea bila kusita, na asiyejua kutafuta kasoro atalimeza kosa hilo kama lilivyo.

Kwa hiyo mzazi asivutwe na picha za roboti zenye taa. Aulize mwalimu hufanya nini roboti inapokwama. Mwalimu anayempokonya mtoto bisibisi na kutengeneza mwenyewe, ili onyesho la wazazi lipendeze, amemnyima mtoto kile hasa kilicholipiwa ada. Shule nazo zisidhani kwamba subira na kosa la mtoto ni kazi ya klabu ya roboti peke yake. Klabu ya Jumamosi ikimwambia mtoto kwamba kosa ni mwanzo wa kazi, kisha somo la hisabati la Jumatatu likamchapa kwa kukosea, ataliamini lile lenye fimbo.