Amwitaye Mgeni Amwonyeshe Shamba

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: ndivyo walivyotufunza wazee. Lakini ardhi njema isiyojulikana itajiuzaje? Na amwitaye mwenzake ahame na jamaa yake aende kuilima, ana wajibu gani kwake?

Tutazame mfano wa Louisiana, nchini Marekani. Katika miaka ya 1880, reli ilipokwisha kupita katika mbuga za kusini-magharibi, kampuni moja ilinunua huko zaidi ya ekari milioni moja, ikataka walowezi. Ardhi ikasifiwa sana. Lakini wageni walipofika kuitazama, wenyeji waliwaambia kwamba haifai, nao wakavunjika moyo. Mwaka 1885 akaja Seaman Knapp, aliyepata kuwa mkuu wa chuo cha kilimo cha Iowa. Alitambua kwamba sifa hazitoshi. Basi katika kila kata alitafuta mkulima mmoja hodari, akampa masharti nafuu, ili alime mbele ya macho ya watu. Wenye shaka wakaona mavuno, wakaja. Mbuga za malisho zikawa nchi ya mpunga.

Pengine mtu atasema: Knapp alitafuta faida ya kampuni. Ni kweli, wala faida ya haki si dhambi. Dhambi ni kumwuzia maskini tumaini ambalo muuzaji hajalijaribu. Aliyesifu kwa maneno tu hapotezi kitu mgeni akishindwa. Bali aliyesimamisha shamba la mfano, likifa, aibu ni yake na hasara ni yake.

Hata hivyo, mavuno ya mwaka mmoja nayo yaweza kudanganya. Waakadia, wenyeji wa mbuga zile, walikuwa wakipanda mpunga mabondeni na kungoja mvua. Ukaitwa mpunga wa Majaliwa. Miaka ya 1890 mvua ilipopungua, ilibidi kuchimba mifereji na kuleta pampu, na maji yakawa ya kununuliwa. Kwa hiyo shahidi mwaminifu hataji magunia pekee. Hutaja na ukame, na gharama ya maji.

Wazazi, mkiitwa kwenda kulima ugenini, msione haya kuuliza: nani amekwisha kulima hapo, na mwaka wa ukame alivuna nini? Nasi tuitao wengine, tusiwaahidi watoto wa watu chakula tusichokwisha kukiona shambani.